Kanga mlangoni: kufanya uhasibu nyumbani bila kuunguza maharage

Mwaka jana mwezi wa saba, tarehe 20, nilijaza mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi kwenye ritani ya VAT, ile taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, ya duka la dawa. Maharage yalikuwa jikoni, kitindamimba wangu wa miaka minne ananivuta gauni nimmenyee chungwa, na mimi nikabofya kutuma. Harufu ya kuungua niliisikia palepale. Kosa la ritani nililiona jioni. Kulirekebisha kulinigharimu siku nne na maneno ya mteja ambayo siwezi kuyaandika hapa. Sufuria ile ninayo mpaka leo, chini ina duara jeusi ambalo stili waya imeshindwa kulitoa.

Nakaa Segerea, Dar es Salaam. Nawafanyia mahesabu wafanyabiashara watano: duka la dawa, duka la vifaa vya ujenzi, migahawa miwili na fundi wa milango ya aluminiamu. Mume wangu ni dereva wa lori, njia ya Tunduma, kwa hiyo nyumbani anakuja kama mgeni anayejua kufuli zetu. Watoto ni wawili, binti wa darasa la tatu na huyo mwenye machungwa, yuko chekechea. Dada wa kazi sina. Yuko mama mmoja anakuja Jumatano na Jumamosi kufua na kudeki, namlipa siku hiyohiyo.

Kabla ya hapo niliajiriwa kwenye ofisi moja eneo la Posta, katikati ya jiji. Nilipojifungua huyu wa pili, zile siku 84 za likizo ya uzazi ziliyeyuka kama barafu ya shilingi mia. Sheria ya kazi inampa mama anayenyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku akamnyonyeshe mwanawe. Masaa mawili, Posta hadi Segerea na kurudi, foleni ya Buguruni imefunga! Nilikuwa nakamulia maziwa chooni. Mwezi wa tatu wa hali hiyo nikaacha kazi, nikadhani shida zimekwisha.

Kwanza, chukua karatasi

Watu watakuambia upange ratiba: saa tatu hadi sita kazi, saa sita hadi nane mapishi, na kadhalika. Nilipanga. Nikaibandika kwenye friji. Haikumaliza wiki, maana mtoto hajui kusoma saa na maji ya bomba hayaulizi ratiba yako.

Kilichonisaidia ni kugawa kazi zenyewe. Chora mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja andika kazi zinazokatika, yaani zile unazoweza kuziacha katikati, ukamfuta mtoto kamasi, ukarudi ukaendelea pale ulipoishia. Upande wa pili andika zisizokatika, ambazo ukiondoka dakika tano tu umeharibu. Changanya za ofisini na za nyumbani humohumo, usizitenge.

Kwangu zinazokatika ni kupanga risiti za EFD (zile za mashine ya kodi) kwa tarehe, kuingiza manunuzi kwenye kompyuta, kujibu meseji za wateja, kukunja nguo, kuchambua mchele, kumenya vitunguu saumu. Zisizokatika ni kulinganisha taarifa ya benki na daftari, kukokotoa mishahara, kutuma ritani, kukaanga kitu chochote, kupiga pasi na kumwogesha mtoto.

Sheria ni moja tu: zisizokatika mbili haziwashwi kwa pamoja. Siku ile nilikuwa na ritani mkononi na maharage ya kuunga motoni, yote mawili ya upande uleule. Lakini kuchambua mchele huku mteja analalamika kwenye simu kwamba kodi imezidi, hiyo ni halali kabisa, na mchele wangu siku hizo hutoka msafi sana.

Zisizokatika za kompyuta nazifanya saa kumi na nusu alfajiri mpaka saa kumi na mbili kasoro, watoto wamelala, na asubuhi saa tatu mpaka saa sita wote wakiwa shule. Hapo jikoni hakuwaki kitu. Saa nane mchana mpaka jioni ni za kukatika tu, na siumii moyo nikiitwa mara kumi, maana nimeshajua nitaitwa.

Kama kazi yako ina tarehe za serikali kama yangu, sogeza kalenda nyuma. PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) ni tarehe 7, VAT ni tarehe 20. Mimi VAT yangu naihesabu inaisha tarehe 16, na wateja nimewaambia risiti zinafungwa tarehe 10. Wawili wanaleta tarehe 13, nilijua wangeleta tarehe 13, ndiyo maana nikasema 10.

Jiko lisilohitaji kuangaliwa

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi zaidi, na ndipo nilipoupata.

Chakula chetu cha kila siku si kigumu kupika, ila kinataka uwepo wako. Maharage yanataka kuongezwa maji, ugali unataka mkono, wali unataka ujue dakika ya kupalia makaa. Kwa hiyo nimetenganisha kuchemsha na kuunga. Kuchemsha ni Jumapili. Kuunga ni jioni husika, dakika kumi na tano.

Jumamosi usiku naloweka maharage kilo moja na nusu. Asubuhi namwaga yale maji, nachemsha bila chumvi kwenye jiko la umeme la presha. La kwangu ni la lita sita, na maharage hayatakiwi kuvuka nusu ya sufuria yake kwa sababu yanavimba na kutoa povu, kwa hiyo napika kwa mikupuo miwili ya robo tatu kilo. Dakika thelathini za presha zinatosha maharage yaliyolowekwa. Mkupuo mmoja haumalizi uniti moja ya umeme. Nililinunua kwa kulalamika, nikidhani ni anasa, lakini likimaliza linajizima lenyewe, na kwa mtu mwenye ritani hicho ndicho kifaa cha ofisi. Kama huna, jiko la mkaa lifanye kazi hiyo Jumapili ukiwa nje unafua, siyo Jumanne ukiwa kwenye mahesabu.

Yakipoa nagawa kwenye vikopo vitano vya mlo mmoja mmoja. Vitatu friza, viwili chini kwenye friji kwa Jumapili na Jumatatu. Usijaze friza kwa ajili ya mwezi mzima kama wanavyoonyesha kwenye video. Umeme ukikatika usiku mzima utapika vyote kwa siku moja na kuwagawia majirani. Nimewahi kuwalisha nyama nyumba nne bila kukusudia.

Jumapili hiyohiyo nakaanga dagaa waliokwisha kuchambuliwa, nawaacha wapoe kabisa ndipo nawafunika kwenye chombo kikavu. Ukiwafunika wa moto wanatoka jasho na kulainika. Nasaga tangawizi na vitunguu saumu pamoja na mafuta kidogo, chupa moja ya wiki. Nyanya sizisagi mapema, zinachacha.

Mboga za majani nanunua gengeni. Kisamvu nachukua kilichotwangwa. Matembele na mchicha, mama wa genge ananikatia akisubiri wateja wengine, lakini nampa kwanza nilizoosha mimi, maana mboga ikishakatwa, kuiosha ni kumwaga utamu na mchanga hautoki.

Asubuhi hakuna kupika. Chai inachemshwa mara moja, inaingia chupa ya chai, inanywewa mpaka saa nne. Kinacholiwa ni kiporo cha wali, kikapashwa na kitunguu, au mkate. Mama yangu mzazi aliposikia watoto wanakula kiporo kila siku aliguna. Nikamwambia, "Mama, na sisi ulitulea hivyohivyo." Akacheka, akasema, "Sisi tulikuwa hatuna, nyie mnafanya kwa makusudi."

Chakula cha mchana nacho ni cha jana usiku, nimekitoa pembeni kabla watu hawajaanza kula. Kabla, siyo baada. Ukisubiri kibaki, hakibaki.

Kanga

Mtoto wa miaka minne haelewi "mama anafanya kazi." Anakuona umekaa, umekaa ni kama hufanyi kitu. Nilijaribu kufunga mlango, akaugonga mpaka mkono ukavimba. Nilijaribu kumpa simu, akampigia mteja wa aluminiamu.

Sasa nina kanga moja ya zamani, nyekundu, imetundikwa juu ya mlango wa chumba ninachofanyia kazi. Ikishushwa, mama yuko kazini, na anaitwa kwa mambo matatu tu: damu, moshi, au mtu getini. Ikipandishwa, mama yupo, sema lolote. Tulifanya mazoezi kama mchezo, dakika kumi kwanza, halafu ishirini. Nilipofikisha dakika arubaini niliacha kuongeza, kwa umri wake hapo ndipo mwisho. Na kanga ikipanda ni lazima nitoke kweli, nimshike, nitazame alichochora. Ukidanganya mara mbili, kanga inabaki kitambaa.

Wiki ya kwanza alikuja mbio, "Mama, damu!" Nikatupa kikokotoo. Alikuwa ameua mbu ukutani. Sikumgombeza, kwa sababu damu ilikuwepo.

Huyu wa darasa la tatu nimempa kazi yenye cheo: ndiye mtu wa geti. Anajua kusema, "Shikamoo, mama yuko kazini, nimpe ujumbe gani?" Sijamfanya mlezi wa mdogo wake. Naona wengi tunakosea hapo, mtoto wa miaka tisa anageuzwa dada wa kazi kwa kuwa tu yupo. Anamwangalia kwa hizo dakika arubaini, mimi nikiwa chumba cha pili na mlango haujafungwa na komeo.

Likizo za Juni na Desemba mfumo wote huu unayumba. Mwezi wa Juni tunabadilishana watoto na jirani yangu mshonaji: Jumanne na Alhamisi wa kwangu wako kwake, Jumatatu na Ijumaa wa kwake wako kwangu. Desemba wanakwenda Korogwe kwa bibi yao.

Umeme, maji, bati

Yangu ni haya machache. Laptopu na pawabenki vinachajiwa usiku, kila usiku, hata kama umeme haujakatika mwezi mzima. Bando la simu liwepo hata kama una intaneti ya waya. Luku isishuke chini ya uniti kumi kuanzia tarehe 14 ya mwezi. Pasi napiga Jumapili jioni, nguo za shule za wiki yote, maana pasi ya wati 1,000 inakula uniti nzima kwa saa, na kuiwasha kila asubuhi kwa shati moja ni hasara ya umeme na ya akili.

Maji kwetu yanatoka kwa siku zake. Siku yakitoka, nafungulia simtanki kwanza, halafu nakaa kwenye kazi za kukatika, na kengele ya simu naiweka dakika arubaini na tano. Usiseme utakumbuka. Nilishafurikisha ua mzima nikiwa natafuta shilingi mia tatu iliyopotea kwenye taarifa ya benki.

Masika, mvua ikipiga bati, usipange simu ya mteja. Hamtasikilizana, na mtu akiongea juu ya pesa yake kwa kupayuka anakasirika bure. Tuma ujumbe wa maandishi.

Watu

Kazi ya nyumbani watu hawaioni. Wifi yangu alikuwa anapita saa nne asubuhi, "nilijua utakuwepo." Nilinyamaza miezi, nikawa namkirimu huku nimekasirika, na hilo lilikuwa kosa langu, siyo lake. Siku moja nikamwambia kabla hajakaa: "Wifi, karibu, lakini nimeingia kazini mpaka saa sita. Chai iko kwenye chupa. Ukiweza kunisubiri tutakula pamoja." Alisubiri. Akanichambulia na dagaa. Sasa anakuja saa sita.

Wateja nao waambie saa zako. Mimi simu napokea saa nane mchana hadi jioni kwa laini ya kazi, baada ya hapo wanaacha ujumbe. Laini ya pili ni gharama ndogo kuliko kugombana na mtu mbele ya watoto saa mbili usiku. Na unapopanga bei, hesabu bando, umeme na wino wa printa humo ndani, mwaka wa kwanza sikuhesabu na nilikuwa nawafadhili migahawa miwili bila kujua.

Mume akirudi safari ndiyo mtihani. Amechoka, anataka kuongea, kwake ni sikukuu. Tulikubaliana: siku ya kwanza akiingia sishushi kanga kabisa, labda iwe tarehe ya kodi. Siku ya pili chakula cha jioni ni chake. Anapika kama wanavyopika njiani, nyama na pilipili nyingi, ugali mgumu, na jikoni anaacha kama gereji. Sisemi kitu. Vyombo ni kazi ya kukatika, nitaviosha nikiingiza risiti.

Tarehe 21 sifungui kompyuta. Watoto wakienda shule nalala mpaka saa nne, naamka, naitoa kanga mlangoni, naifua.