Kabla hujakubali kuwasimamia washauri nasaha

Ukiombwa kuwa msimamizi wa kitaalamu wa washauri nasaha, yaani yule wanayemweleza kesi zao ili awaongoze, usikubali siku hiyo hiyo. Msimamizi haketi na mteja, lakini mteja akidhurika, msimamizi ndiye atakayeulizwa maswali matatu: alijua nini, alijua lini, na alishauri nini. Majibu yasiyo kwenye maandishi hayatakusaidia wewe, wala mshauri, wala familia ya mteja. Haya yafuatayo yamalizwe mapema, maana tatizo la maadili likishafika mezani hakuna muda wa kutunga utaratibu.

Usajili kwanza. Nchini Kenya, kazi hii inaongozwa na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Omba cheti cha mshauri, tazama jina na tarehe, weka nakala kwenye faili. Chako nacho kisiwe kimepitwa na wakati.

Kisha mkataba wa maandishi. Kurasa mbili zinatosha. Uonyeshe mtakutana mara ngapi, nani analipa, kumbukumbu za vikao zitakaa wapi, na nani atashika nafasi yako ukisafiri. Dharura hazingoji Jumatatu, kwa hiyo namba mbili za simu ziandikwe, si moja. Kama unamsimamia mwanafunzi na chuo kitahitaji ripoti yako, mwambie hivyo kabla hajafungua mdomo. Akigundua baadaye kwamba ulikuwa unampa alama, atakuletea kesi zinazomwendea vizuri tu, na zile zinazomshinda atabaki nazo.

Hapo hapo kuna mtego wa cheo. Katika mashirika mengi, mkuu wa kitengo ndiye anayetia saini likizo, ndiye anayeamua mkataba uongezwe au la, na ndiye pia msimamizi wa kitaalamu. Mshauri mwenye karo za watoto kulipa hatamwambia mtu huyo kwamba amekosea. Kofia hizo mbili zitenganishwe. Ikishindikana, tafuteni mtaalamu wa nje ambaye mshauri anaweza kumfikia bila kuomba ruhusa yako.

Mteja naye lazima ajue kwamba upo. Usiridhike kuambiwa "nilimweleza mambo ya siri." Mwambie mshauri akutamkie maneno anayotumia, kwa sauti, kama vile wewe ndiye mteja. Wengi hulipitisha jambo hili mbio mbio, na mteja anabaki akiamini kwamba siri haina mpaka. Maneno yawe mepesi: "Nina msimamizi ninayemweleza kazi yangu ili nikuhudumie vizuri, na jina lako silitaji. Lakini nikiona maisha yako yako hatarini, au utamdhuru mtu, au kuna mtoto anaumizwa, sitanyamaza. Nitawaeleza wanaoweza kusaidia, na nikiweza nitakwambia kwanza."

Kuficha jina peke yake hakutoshi. Ukisema "mwalimu mkuu, mjane, mama wa mapacha" katika mji mdogo, umeshamtaja. Ondoa kila kisichohitajika kwenye uamuzi. Ukimtambua mteja wakati mshauri anaeleza, mkatize pale pale, sema unamfahamu, na kesi hiyo ihamie kwa msimamizi mwingine. Usiseme utasikiliza kidogo tu.

Kesi zisijadiliwe kwenye kundi la WhatsApp, wala zisitumwe kwa ujumbe wa sauti. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na uvujaji unaoweza kumdhuru mhusika unatakiwa kuripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Simu iliyoibwa kwenye matatu, ikiwa na vikao vilivyorekodiwa na haina nywila, ni jambo la namna hiyo.

Sasa lile ambalo wasimamizi wengi huliacha hadi limewafika: mteja anaposema atamuua mtu. Mwaka 1969 Prosenjit Poddar, mwanafunzi kutoka India katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alimwambia mwanasaikolojia wake, Lawrence Moore, kwamba anakusudia kumuua msichana fulani. Hakumtaja jina, lakini kumtambua hakukuwa kazi: alikuwa Tatiana Tarasoff, ambaye wakati huo yuko Brazil. Moore hakulipuuza. Aliwaarifu polisi wa chuo kwa mdomo, kisha kwa barua, akitaka Poddar apelekwe kuchunguzwa akili. Polisi walimchukua, wakamwona ana akili timamu, akaahidi kukaa mbali na Tatiana, wakamwachia. Ndipo mkuu wa idara ya magonjwa ya akili alipoingia. Aliwaomba polisi wairudishe barua, akaagiza nakala zake na maandishi ya Moore yaharibiwe, na akaamuru pasichukuliwe hatua yoyote ya kumlaza Poddar. Tatiana alirudi kutoka Brazil. Tarehe 27 Oktoba Poddar alimfuata nyumbani akamuua. Si yeye wala wazazi wake waliokuwa wameonywa.

Wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwamba mtaalamu anayejua, au anayepaswa kujua, kwamba mteja wake ni hatari kwa mtu fulani, ana wajibu wa kuchukua hatua za busara kumlinda mtu huyo. Vyuoni kesi hii hufundishwa kwa ajili ya wajibu huo wa mtaalamu. Msimamizi aisome pia kwa sababu nyingine: aliyekaa na mteja aliiona hatari, akaisema, akaiandika, na ofisi ya juu yake ikaizima. Hukumu ya California si sheria ya Kenya, lakini pengo lile linaweza kutokea kwenye kliniki yoyote.

Kwa hiyo panga hivi. Mshauri akisikia tishio, apige simu, asitume ujumbe, na ikiwezekana apige kabla mteja hajatoka jengoni. Wewe uulize: nani anatishiwa na anaishi wapi, kwa njia gani, panga, sumu au bunduki tayari anayo, amepanga lini, amewahi kumpiga mtu, amelewa, nini kinamzuia leo. Kukiwa na mtu anayejulikana, njia, na kifaa kilicho karibu, msingoje kikao kijacho. Amueni mambo matatu, kila moja peke yake: mteja aonwe na daktari wa magonjwa ya akili leo; polisi waarifiwe na namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, ichukuliwe; anayetishiwa aelezwe, na aandikwe jina atakayemweleza. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba taarifa ya polisi imemfikia anayetishiwa. Mweleze kile tu kinachomsaidia kujilinda. Historia ya ugonjwa wa mteja haimhusu.

Mkitofautiana, usimnyamazishe mshauri kwa cheo. Andika maoni yake, andika yako, tafuteni mtaalamu wa tatu siku hiyo hiyo. Na mkataba useme wazi kwamba mshauri anayeona maisha ya mtu yako hatarini anaweza kukuruka bila kuadhibiwa. Kama kifungu hicho kinakuudhi, fikiria upya kama unafaa kwa kazi hii.

Maandishi hayachanwi. Ukikosea, piga mstari mmoja ili neno la chini lisomeke, andika sahihi, tia saini na tarehe. Kila uamuzi mgumu uwe na saa, maneno ya mteja kama alivyoyasema, njia mlizofikiria, sababu ya kuacha nyingine, mliyemwomba ushauri, na lini mtaitazama tena.

Kwa mteja anayetaka kujiua, mshauri aulize waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Auulizie mpango, na dawa za wadudu na vidonge vilivyomo nyumbani, na nani ataviondoa usiku huo. Washauri wengi walizoea kuogopa kuandika jaribio la kujiua kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kililifanya kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Waelezeni, maana hofu imebaki.

Mapenzi kati ya mshauri na mteja hayana mjadala: mshauri anaondolewa kwenye kesi siku hiyo, mteja anatafutiwa mtu mwingine na anaelezwa namna ya kulalamika kwa Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia. Usiwakutanishe "wayamalize." Zawadi ndogo ziandikwe, mkopo kwa M-Pesa usipokelewe wala kutolewa. Mshauri akianza kulia kila mnapokutana, mpunguzie wateja na umwelekeze kwa mshauri wake mwenyewe, kwa sababu wewe huwezi kuwa vyote viwili. Na ukiona kwa wiki kadhaa hakuna anayekuletea jambo gumu, omba faili tatu uzichague mwenyewe, uzisome mwanzo hadi mwisho.