Kupima sumu ya ekstrakti kwa viluwiluwi wa Artemia, kuanzia kupima chumvi hadi LC50

Wiki iliyopita nilikaa siku mbili maabara na mdogo wangu anayeanza utafiti wa shahada ya uzamili ya farmakolojia na toksikolojia. Ana ekstrakti ya majani (dawa iliyotolewa kwenye majani kwa kimiminika kama ethanoli), hela ya panya wa majaribio hana, na msimamizi anataka kujua kwanza kama ina sumu. Hapo mimi humwambia mtu aanze na Artemia, uduvi mdogo wa maji chumvi ambaye mayai yake huuzwa makavu. Watafiti wa tiba asili Muhimbili wameitumia njia hii miaka mingi, na jibu unalipata ndani ya siku tatu: LC50, yaani dozi inayoua nusu ya viluwiluwi.

Hatua ya 1: Kutotolesha

Yeyusha gramu 38 za chumvi ya bahari kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa. Ni 38, si 3.8. Chumvi ya mezani yenye madini joto iache jikoni. Chukua chombo chenye sehemu mbili na ukuta wa matundu katikati, mwaga mayai upande mmoja na uufunike kwa foili, kisha mulika taa upande wa pili. Kati ya saa 24 na 48 viluwiluwi watakuwa wameufuata mwanga, maganda yamebaki gizani.

Hatua ya 2: Kuandaa ekstrakti

Hapa ndipo nilipopoteza karibu mwezi mzima, kwa hiyo nivumilie.

Hakikisha kwanza ekstrakti imekauka kweli. Ikinuka ethanoli, haijakauka. Pima, irudishe ikaushwe, pima tena hadi uzito usimame. Vinginevyo miligramu 40 unazoandika kwenye daftari si miligramu 40 za dawa.

Yeyusha kwenye DMSO, kiyeyushi kinachochanganyika na maji, upate miligramu 40 kwa mililita. Mimi nilichota kutoka stoku hiyo moja maikrolita 30, 15, 10, 5, 3 na 1, nikaweka kila kiasi kwenye mililita 5 za maji chumvi. Matokeo yalipendeza. Msimamizi akaniuliza swali moja tu: kati ya viluwiluwi waliokufa, wangapi wameuawa na DMSO? Sikuwa na jibu. Chupa ya dozi kubwa ilikuwa na DMSO mara thelathini ya ile ya dozi ndogo, na kontroli yangu, chupa isiyo na dawa ya kulinganishia, haikuwa nayo hata tone. Nikarudia yote.

Fanya hivi: punguza stoku kwa nusu ndani ya DMSO yenyewe, miligramu 40, 20, 10, 5 na 2.5. Kisha kila chupa ipate maikrolita 30, na kontroli ipate maikrolita 30 za DMSO tupu. Unapata maikrogramu 240, 120, 60, 30 na 15 kwa mililita, na DMSO inabaki asilimia 0.6 kila mahali. Pia unaepuka kupima maikrolita 1, kipimo ambacho mkono wa mtu hauaminiki.

Jambo jingine: inua chupa uitazame kwenye mwanga. Ukiona ukungu, au vichembe vimeganda kwenye kioo, dawa imejitenga na maji, na viluwiluwi hawapati dozi uliyoandika. Shusha dozi ya juu, uandike kwenye daftari kwamba umeishusha.

Hatua ya 3: Kuhesabu

Viluwiluwi kumi kila chupa, chupa tatu kila dozi. Weka na seti ya saiklofosfamaidi, dawa ya saratani ambayo sumu yake inajulikana, kwa kulinganisha. Usiwalishe; bado wana kiini cha yai. Baada ya saa 24 hesabu kwa lenzi: asiyesogea kwa sekunde kumi amekufa. Zaidi ya asilimia 10 wakifa kwenye kontroli, mwaga, anza upya.

Hatua ya 4: LC50

Chora asilimia ya vifo dhidi ya logi ya dozi, usome panapokata 50. Napenda probiti, hesabu ya takwimu inayonyoosha mchoro huo kuwa mstari, kuliko kuchora kwa jicho. Meyer na wenzake, 1982, walihesabu LC50 chini ya maikrogramu 1000 kwa mililita kuwa ni dalili kwamba ekstrakti ina nguvu juu ya viumbe hai. LC50 ikitoka kubwa, usimwambie mgonjwa yeyote kwamba dawa ni salama: kiluwiluwi hana ini kama letu, na panya bado wanakusubiri.