Tairi za kukimbiza jangwani: soma ubavu kabla hujatazama meno

Kama uko Malindi na umeamua gari itoke, ipande Garsen, Hola, Garissa na kuendelea, ama uzunguke mpaka Chalbi kule Marsabit, basi kabla ya winchi na kabla ya zile taa za juu fikiria tairi kwanza. Na hapa ndio watu wengi wanapotea njia, manake mtu akiingia dukani anaenda moja kwa moja kwa ile yenye meno makubwa, anaipiga teke, anasema hii ndio ya kazi. Kwa matope ya Tana mvua ikinyesha, sawa. Kwa kukimbia kwenye joto hiyo ndio ya kwanza kukuangusha.

Ukikimbia jangwani kinachoua tairi ni joto. Miiba ipo na mawe yapo, lakini mwiba ukiingia unaziba na safari inaendelea. Joto likishazidi ndani ya raba, mikanda ya waya inaachana na mpira, tredi, ule mpira wa nje wenye meno, inabanduka yote, na wewe uko kilomita 100 kwa saa na watoto nyuma na mizigo juu ya paa. Hebu fikiria hivi, tairi ya 265/65R17, ile ya Prado na Hilux nyingi, ukienda 100 inazunguka karibu mara 680 kwa dakika moja, na kila mzunguko ubavu unajikunja pale chini kisha unajinyoosha, na kule kujikunja ndio moto wenyewe. Sasa upepo ukiwa mdogo inajikunja zaidi, mzigo ukiwa mwingi zaidi, mwendo ukiongeza ndio kabisa, na raba ikiwa nene ule moto unakosa pa kutokea. Tairi ya M/T, yaani ile ya matope, ina raba nene na meno marefu yanayochezacheza, kwa hivo inapata moto haraka, na kwenye kokoto kali meno yanameguka vipande. Kwa safari ya kasi chukua A/T, yaani ile ya njia zote. Na mchangani pia A/T inapita vizuri kwa sababu inaelea juu, M/T ukikanyaga mafuta inachimba inajizika yenyewe.

Basi ukishaamua A/T, inama usome ubavu. Usimuulize muuzaji, soma mwenyewe, kila kitu kimeandikwa pale.

Mwanzo angalia namba baada ya saizi. Utakuta moja imeandikwa 265/65R17 112S na nyingine LT265/65R17 120/117S. Hiyo 112 maana yake tairi moja inabeba kilo 1120, na 120 ni kilo 1400, lakini hiyo ni ikiwa imejazwa upepo wake kamili, ukipunguza upepo na uwezo unapungua. Ile herufi ya mwisho ni mwendo: Q ni 160 kwa saa, R ni 170, S ni 180, T ni 190. Mtu anasema mimi sitafika 160 hata siku moja, na barabara kuu zetu mwisho ni 110, kwa hivo Q yatosha. Yatosha kweli, ila fahamu herufi inapimwa kwa tairi nzima yenye upepo sawa na mzigo sawa, na wewe utakuwa umejaza mapipa ya maji na mafuta na jua la saa saba liko kichwani. Mimi nikipata S sichukui Q.

LT ni tairi ya gari ndogo ya mizigo, ubavu wake umekazwa, na kwa Land Cruiser ama Hilux iliyopakia hiyo ndio ninayoshauri. Ila ukitoka tairi ya kawaida ukaingia LT usitie presha ileile ya kibandiko cha mlangoni, LT inataka psi kadhaa zaidi ili ibebe mzigo uleule. Halafu kuna herufi ya C, D ama E, ama utaona imeandikwa 6PR, 8PR, 10PR. Wengi wanadhani 10PR ni nyuzi kumi ndani. Siyo, ni kipimo cha nguvu tu. Nyuzi za kweli zimeandikwa kwa herufi ndogo sana karibu na rimu, itakwambia kwenye tredi kuna tabaka ngapi za stili, ngapi za polyester na kama kuna NYLON. Hiyo nailoni itafute. Inalala juu ya mikanda ya waya inaishikilia isivutwe nje gurudumu likizunguka kwa kasi, na kwa mwendo wa jangwani hiyo ndio roho ya tairi. Hapo hapo angalia SIDEWALL, ikiwa na tabaka 3 utashukuru ukifika yale mawe meusi ya volkano yanayozunguka Chalbi, manake yale yanakata ubavu, na ubavu ukikatwa hakuna plagi ya kuziba pancha itakayokusaidia.

Kisha umri. Mwisho wa ule mstari ubavuni unaoanza na DOT kuna tarakimu nne, kwa mfano 2322, yaani wiki ya 23 mwaka 2022. Huku kwetu pwani tairi inaanikwa mbele ya duka juani mwaka mzima, ukiitazama ni mpya inang'aa wameipaka dawa, lakini ikunje kidogo kwa kidole gumba katikati ya meno utaona vijinyufa vyembamba kama nywele. Ikiwa navyo iache hata kama bei ni nusu. Kwa safari ya kasi mimi sivuki miaka mitano.

Na tairi za mtumba, nawasihi sana, kama huna budi basi mwambie fundi wa pancha akuonyeshe ndani kabla hajaivalisha. Tia mkono upapase. Ukikuta unga mweusi wa raba umejaa mle, ama kuna mstari umechubuka umezunguka ukuta wote wa ndani, hiyo tairi iliwahi kukimbizwa bila upepo wa kutosha na nyuzi zake zimekwisha. Nje inaweza kuwa na tredi nzuri kabisa. Wallahi usiifunge, hata iwe ya spea.

Rimu chukua ya 16 ama 17, zile za 20 ubavu wake ni mfupi, shimo moja tu rimu imepinda. Kama gari yako bado inatumia tubu, tubu inasugua na tairi inaongeza moto, na ukipunguza upepo tairi inaweza kuteleza kwenye rimu ikang'oa vali, kwa hivo ukiweza hamia tubeless, zile zisizo na tubu. Rimu za stili za huku pia zinaliwa na chumvi ya bahari pale tairi inapokaa, upepo unatoka polepole usijue, mwambie fundi azikwangue zing'ae kabla ya kufunga. Tano zote saizi moja, spea ikiwemo, tena kwa Chalbi beba spea mbili.

Tairi za yale mashindano ya Dakar kule Saudi Arabia usiziige. Gari za daraja la T1+ kule zinavaa inchi 37, suspensheni zao si kama zako, na wana malori ya msaada.

Sasa upepo. Pima asubuhi tairi ikiwa baridi. Ukikimbia saa nzima kwenye lami kisha ukapima tena ukakuta imepanda psi 4 mpaka 6, iko sawa. Ikipanda 10 basi ulitia pungufu, ama umepakia kupita kiasi, ama unakimbia mno, na usifanye kosa la kutoa upepo ikiwa moto eti imezidi, utaizidishia moto. Kwenye kokoto na ile njia ya mabati, yenye mawimbi kama bati, punguza upepo kama robo na usivuke 80. Mchanga laini shuka mpaka psi 18 hivi, na hapo mwendo ni 30, 40 basi, bila kukata kona ghafla tairi isitoke kwenye rimu. Ukirudi pagumu simama ujaze kabla ya kukimbia, hapa ndio wengi wanaharibu, wanaona uvivu kutoa kompresa. Kajaribu kwanza mchanga wa Mambrui ujue gari yako inataka ngapi.

Chalbi penyewe kukiwa kikavu panakuvuta ukimbie, tambarare hadi macho yanaishia, lakini ni ziwa la zamani lile, ganda la chumvi juu na tope chini, na mvua ikishanyesha hakuna tairi ya kukupitisha, uliza wenyeji wa Kalacha ama Maikona kabla hujaingia. Na kila ukisimama pitisha kiganja kwenye tairi zote nne, ile iliyo moto kuliko wenzake ndio ya kupima kwanza.