Jinsi ya kufuga sisimizi wakata majani nyumbani

Kitu cha kwanza uelewe, hawa sisimizi hawali yale majani, wanayakata wanayatafuna alafu wanaoteshea kuvu na hiyo kuvu ndo chakula chao, kwahiyo we mwenyewe ni mkulima wa kuvu kabla hujawa mfugaji. Kuvu ikifa koloni, yaani kundi zima la sisimizi, limekwisha.

Kwao ni bara la Amerika. Kama ndo unaanza chukua aina ya Acromyrmex, achana na aina ya Atta maana koloni la Atta linafika mamilioni, utawaweka wapi? Na ukiwa Marekani kuwahamisha jimbo hadi jimbo bila kibali ni kosa.

Andaa maboksi matatu ya plastiki ngumu uyaunganishe kwa mirija ya mpira, moja la kuvu, moja la majani, moja la taka. La kuvu liwe na joto kama nyuzi 25 na unyevu mwingi sana ila maji yasidondokee kuvu. Majani wape kila siku, ya waridi wanayapenda mno, lakini yasiwe yamepigwa dawa hata tone jamani, hilo jani moja linaweza kuua bustani nzima ya kuvu na inauma kweli. Taka zitoe mara kwa mara. Na ukichoka kuwafuga usiwaachie nje kabisa.