Kupima mkojo wa kichanga anayeshukiwa galaktosemia

Kichanga ananyonya vizuri, kisha siku chache baadaye macho yanakuwa ya njano, anatapika na uzito unashuka. Hapo hushukiwa galaktosemia, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunja galaktosi, sukari inayotokana na laktosi (sukari ya maziwa). Mkojo wake upimwe siku hiyohiyo, na usiishie kwenye dipstiki (kijiti cha kuchovya kwenye mkojo). Dipstiki ya glukosi ina kimeng'enya kinachotambua glukosi peke yake. Galaktosi hata ikijaa haibadilishi rangi. Benedict, kitendanishi cha buluu kinachobadilika rangi kikichemshwa na sukari, hubadilishwa na zote mbili, ndiyo maana vipimo hivi hufanywa sambamba.

Mkojo uchukuliwe mtoto akiwa bado anatumia maziwa. Akishawekewa dripu ya glukosi na maziwa yakasimamishwa, galaktosi hutoweka kwenye mkojo ndani ya siku moja au mbili, na majibu yatadanganya. Pima mkojo ukiwa mbichi, kwa sababu bakteria hula sukari. Ukilazimika kuchelewa, ugandishe.

Weka mililita 5 za Benedict kwenye testi tyubu, ongeza matone 8 ya mkojo, tikisa, kisha itumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika 5. Pembeni weka tyubu mbili za kulinganishia: moja ya maji safi, nyingine ya glukosi asilimia 1. Ya maji isipobaki buluu, kitendanishi kimeharibika, usisome chochote. Acha zipoe, zisome mbele ya karatasi nyeupe. Sukari kidogo huleta ukijani wenye ukungu. Ikizidi utaona njano, rangi ya chungwa, hadi mashapo mekundu kama tofali yakituama chini.

Benedict ikibadilika na dipstiki ikakaa kimya, mpigie daktari simu mara moja. Usingoje karatasi ya majibu izunguke wodini. Hata hivyo, vitamini C, baadhi ya antibiotiki na laktosi ya mtoto njiti navyo hubadilisha Benedict. Na dipstiki ikionyesha glukosi, usiiondoe galaktosemia: figo zilizoathirika nazo humwaga glukosi.

Daktari akiona dalili zinalingana, maziwa ya mama na ya ng'ombe husimamishwa bila kungoja uthibitisho, mtoto apewe ya kopo yasiyo na laktosi. Uthibitisho ni kupima GALT, kimeng'enya kinachosaidia kuvunja galaktosi, kwenye chembe nyekundu za damu. Sampuli hiyo itolewe kabla mtoto hajaongezewa damu, maana chembe za mchangiaji huja na kimeng'enya chao na kuficha upungufu wa mtoto.