Kifaa chako cha faragha hakichaji? Pitia hapa kabla hujakitupa

Kibao cha mlangoni pangu hapa Ngamiani, Tanga, kinasema fundi simu, na ndiyo kazi inayonilisha. Ila zipo siku anaingia dada mmoja, anakaa kwenye benchi mpaka mteja mwingine aondoke, kisha anatoa mfuko mweusi mkobani na kuusogeza mezani bila neno. Simuulizi. Ndani mna kifaa cha mtetemo cha chumbani, cha silikoni, cha kuchaji. Namwambia, "Karibu dada, acha nikikague, ukipita alasiri utapata jibu." Mara mbili amekuja mume kwa niaba ya mkewe, na waume hao niliwaheshimu sana.

Nimevifungua vya kutosha kujua kinachoviua. Vingi vinavyonifikia havijachakaa, vimeuawa na kufichwa. Mtu anaona haya, anakiosha harakaharaka, anakifunga kingali kibichi ndani ya nailoni, anakisukumia chini ya godoro na hakigusi miezi mitatu. Maji hayana pa kutokea, chaji inakauka kabisa, na hewa yetu ya chumvi inamalizia kazi. Sitara ni jambo jema na sitakwambia uiache. Nitakuonyesha namna ya kukisitiri bila kukiua, na namna ya kukifufua kikigoma.

1. Kipapase kwanza

Kiweke mezani penye mwanga wa mchana. Pitisha kidole gumba pale ganda linapoungana. Ukiona mshono umefunguka, au silikoni imevutika kama puto upande mmoja, au unasikia harufu tamutamu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, hiyo ni betri iliyovimba au inayovuja. Usikichaji. Ruka hatua zote, nenda sehemu ya mwisho kabisa.

Kama ni kizima kwa nje, tuendelee.

2. Waya na adapta

Vifaa hivi hutaka volti 5, na ampea 1 inatosha na kubaki. Tumia adapta ndogo ya kawaida. Chaja ya haraka iliyo bora huanza na volti 5 na haipandishi mpaka kifaa kiombe, lakini zile za kuiga zinazouzwa bei ya kutupa sina imani nazo hata kidogo.

Kuna hitilafu moja inayowababaisha wengi. Kifaa kina tundu la Taipu-C, umechomeka waya wenye Taipu-C pande zote mbili, taa haiwaki. Umeazima waya wa jirani, ule wenye kichwa kipana cha USB upande wa adapta, kinachaji vizuri. Sababu ni hii: chaja yenye tundu la Taipu-C haitoi umeme mpaka itambue rezista mbili ndogo za kiloomu 5.1 ndani ya kifaa, na baadhi ya watengenezaji huziacha ili kubana gharama. Kifaa hakijaharibika. Kitafutie waya wenye kichwa kipana upande mmoja, na uwe ndio waya wake siku zote.

Ukiwa na kipima chaji cha USB, kichomeke katikati ya adapta na waya. Kikisoma ampea 0.2 au 0.3, chaji inaingia, kazi ni kusubiri tu. Kikisoma sifuri kabisa, mara nyingi umeme haufiki ndani: ni waya, ni tundu, au ni pini.

3. Pini za sumaku

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vifaa vya Tanga vinapofia.

Vifaa vingi visivyoingia maji havina tundu. Vina pini mbili ndogo za rangi ya dhahabu, na waya wake unajishika kwa sumaku. Juzi niliweka kimoja chini ya lenzi. Pini moja inang'aa kama hereni mpya. Ya pili imeliwa mpaka imebaki kishimo chenye unga wa kijani. Iliyoliwa ni ile ya chanya, na karibu kila mara huwa ni hiyohiyo. Tone la maji likikaa katikati ya pini mbili wakati wa kuchaji, umeme unapita ndani ya maji na kula madini ya upande wa chanya. Maji yakiwa na jasho, sabuni au chumvi, yanakula haraka zaidi. Kwa hiyo bahari peke yake haikufanya uharibifu ule. Mwenyewe aliniambia alikuwa akikiosha na kukichomeka palepale, ili kikauke na kuchaji kwa wakati mmoja kabla watoto hawajarudi madrasa.

Sheria ni moja: baada ya kukiosha, kifute, kiache kikauke angalau saa moja, halafu ndipo ukichaji. Kama saa hiyo huna leo, chaji kesho.

Kusafisha pini, chukua kijiti cha pamba na spiriti ya duka la dawa, ile ya asilimia 70. Sugua pini za kifaa, kisha na zile za waya, maana watu husafisha upande mmoja wakausahau wa pili. Subiri spiriti iruke. Kijani kikigoma, tumia kifutio cha penseli, polepole, kama unafuta neno kwenye daftari la mtu. Wembe na msasa usiguse. Ile dhahabu ni utando mwembamba mno, ukishaukwangua madini ya chini yake yatapata kutu ndani ya wiki chache. Tazama pia kichwa cha sumaku cha waya: huokota chengachenga za chuma droo nzima, pini ya kushonea au kipande cha steplesi, na hicho kipande kinaweza kuunganisha chanya na hasi. Bandika selotepu, ivute, zitoke nayo.

4. Betri iliyolala

Ndani mna betri ya lithiamu ya volti 3.7. Ikijaa inafika 4.2. Ikiachwa miezi mingi bila chaji inashuka chini ya 3, na hapo saketi ya ulinzi huikata ili isiumie zaidi. Ukichomeka, taa haiwaki, nawe unasema kimekufa. Mara nyingi kimelala tu. Saketi ya chaji huipa umeme kidogo kidogo mpaka iamke, na hilo huchukua muda. Kiache kwenye chaji saa mbili mpaka nne, ukiwapo nyumbani na ukiwa macho. Kiweke juu ya sahani ya udongo au sakafuni kwenye marumaru, mbali na pazia.

Naomba unisikilize hapa: usikichaji chini ya mto, chini ya godoro, wala ndani ya begi la nguo. Najua kwa nini watu hufanya hivyo. Lakini betri ya lithiamu ikipata joto na haipumui, inaweza kuwaka, na godoro la sponji linashika moto haraka kuliko utakavyowahi kufungua mlango. Ukitaka kisionekane, funga mlango wa chumba ukiwa ndani, kaa nacho.

Kikiamka, kisipungue tena hadi sifuri. Kama hukitumii, kiwe na nusu ya chaji, na ukikumbuke kila baada ya miezi miwili.

5. Kufuli la safari

Mteja mmoja alitoka Muheza akiwa na hakika kifaa chake kimekufa siku ya pili baada ya kununuliwa. Kilikuwa kimefungwa kufuli. Vingi vina kufuli la safari: unabonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 3 hadi 5, au vitufe vya jumlisha na toa kwa pamoja, taa inapepesa mara moja, basi hakiwaki tena mpaka urudie vilevile. Vingine hufunguka ukivichomeka kwenye chaji. Kama kimeganda, kinatetemeka hakizimiki au hakisikii kitufe, kichomeke, kisha ushikilie kitufe sekunde 15 hadi 30.

Jifunze kufuli hilo kwa makusudi. Basi la kwenda Dar linapita kwenye matuta mengi, na begi likibanwa na mzigo mwingine kitufe kinabonyezwa. Ukisafiri kwa ndege, kiweke kwenye mkoba wa mkononi kikiwa kimezimwa na kufungwa, kwa kuwa vitu vyenye betri ya lithiamu ni salama zaidi mahali ambapo moto ukianza utaonekana.

6. Kinawaka lakini hakina nguvu

Mtetemo unatokana na mota ndogo yenye kipande cha chuma kilichokaa upande mmoja wa ekseli. Ikizunguka, ule uzito usiolingana ndio unaotikisa. Kisogeze sikioni. Mlio laini ila dhaifu ni betri iliyochoka. Baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500 betri hizi hupungua uwezo, ni maumbile yake. Mlio wa kugongagonga ni mota iliyoachia mahali pake. Mlio wa juu bila mtetemo ni kile kipande cha chuma kimechomoka. Kikipata joto mkononi, kizime. Hayo yote ni ya fundi.

7. Kimeingia maji

Alama ya IPX7 ina maana kimejaribiwa mita 1 ndani ya maji yasiyo na chumvi kwa dakika 30, kikiwa kipya. Haizungumzii maji ya bahari, wala mpira wa mshono uliokwisha kukauka. Kikiingia maji, kizime, kifute, kiache mbele ya feni penye kivuli siku mbili. Usikianike juani. Usikizike kwenye mchele: mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya ganda, unaacha unga kwenye pini. Vile vipakiti vya punje vinavyokuja na maboksi ya viatu vipya ni bora zaidi, ukiviweka pamoja nacho ndani ya kopo la kufunga. Mimi navikusanya, na kila mteja humpa viwili, hasa wakati wa masika.

Usafi wake

Maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kabla na baada ya matumizi. Kisichemshwe, joto linaua betri na kulegeza gundi. Silikoni halisi haina vitundu, inasafishika. Ile jeli laini inayonata na kunuka plastiki ina vitundu, uchafu unajificha humo, na ikianza kubadilika rangi itupe. Usiviweke pamoja vya aina mbili, kwa sababu jeli huachia mafuta na kugandana na chenzake.

Kilainishi kiwe cha maji. Cha silikoni kinaweza kuvimbisha na kunatisha silikoni ya kifaa. Mafuta ya nazi, ambayo kwetu yako kila nyumba, yanabaki kwenye mishono, na kama mnatumia kondomu ya mpira yanaidhoofisha kwa dakika chache tu. Kifaa kisitumiwe na watu wawili bila kuoshwa na kuvishwa kondomu mpya, maana maambukizi ya zinaa huweza kuhama nacho.

Jambo la mwisho kwenye usafi nalisema kwa dada zangu wa pwani. Usikifukize udi. Usikipake marashi wala mafuta ya haludi. Najua tunapenda kila cha chumbani kinukie, lakini ngozi ya ndani haivumilii manukato, inawasha na kuvimba. Kishonee mfuko wa kipande cha kanga au pamba nyingine, upitishe hewa, ukitundike kabatini mbali na chetezo.

Kwa mafundi wenzangu

Betri ya ndani ina namba ya tarakimu sita, na namba hiyo ndiyo kipimo. 502030 ni unene wa milimita 5.0, upana 20, urefu 30. Nunua ya kipimo hichohicho, yenye saketi ya ulinzi, usiokoteze kwenye simu mbovu. Kata waya mmoja, ufunike ncha, ndipo ukate wa pili. Ukiikata yote kwa mkupuo mmoja mkasi unaunganisha chanya na hasi. Ukimaliza, mwambie mteja kwamba mshono ukishafunguliwa kifaa si cha kuzamishwa tena. Vaa glavu, kisafishe kwa spiriti kabla ya kukigusa na kabla ya kukirudisha. Na usimwite kijana wa duka la pili aje kuona.

Betri iliyovimba

Kizime. Usikibonyeze, usikitoboe, usijaribu kukirudisha umbo. Chukua kopo la bati au chungu, tia mchanga mkavu wa ujenzi, kiweke katikati, ongeza mchanga juu, kopo likae nje mbali na majani na mtungi wa gesi. Mchanga wa ufukweni Raskazone usitumie, una chumvi na unyevu, vinapitisha umeme. Usikitupe jalalani, kwa sababu taka zikichomwa kinaweza kulipuka.

Ukiniletea mimi, njoo na kopo lenyewe, usikitie mkobani, na uniambie ukiwa bado mlangoni kwamba una betri iliyovimba. Huhitaji kusema imetoka kwenye nini.