Nani Aliyekata Chupa Hii? Namna ya Kuwapata na Kuwaunga Mkono Mafundi wa Kioo na Kazi za Mikono Dodoma

Kwenye chumba namba tatu cha nyumba yangu ya wageni hapa Ipagala kuna taa ya kitandani iliyotengenezwa kwa chupa ya mvinyo. Chupa ni ya kijani kibichi, imekatwa kitako, na ukingo wake umesuguliwa hadi ukipitisha kidole husikii mkwaruzo. Wageni wanaolala humo, wengi wao watumishi waliokuja Mtumba, kwenye mji wa Serikali, kwa kikao cha siku mbili, huniuliza asubuhi wakati wa chai: "Mama, ile taa umeinunua wapi?" Nikisema imetengenezwa Chang'ombe, hapahapa mjini, wanataka namba ya fundi. Namba huwa natoa, lakini kwa fundi huyu mtu haendi kwa namba tu. Ndiyo maana nimeamua kuandika yote ninayowaeleza mezani.

Kwanza nieleze nilivyokosea. Miaka michache nyuma nilinunua glasi sita kwenye duka moja la zawadi. Muuzaji alinihakikishia zimetengenezwa kwa mkono na kikundi cha akina mama wa Dodoma, na nikalipa kwa furaha. Wiki ya pili mgeni akamimina chai ya moto, glasi ikapasuka mkononi mwake. Nilipozigeuza zile tano nikakuta chini ya moja mabaki ya karatasi ya kiwandani, yenye maandishi ya nchi nyingine. Hakukuwa na akina mama wowote. Niliumia kwa ajili ya mkono wa yule mgeni, na nikaumia zaidi kwa sababu wapo akina mama wa kweli wanaokosa soko wakati jina lao linauzia bidhaa za watu wengine.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza dukani si bei. Nauliza: "Nani aliyetengeneza?" Muuzaji anayemjua fundi hujibu haraka, tena kwa mapana: anakaa wapi, huleta mzigo siku gani, ana watoto wangapi. Asiyemjua husema "vijana wetu" au "kikundi", kisha anabadilisha mazungumzo.

Fuata malighafi, utamkuta fundi

Mafundi wengi hawana kibao barabarani. Wanafanyia kazi uani, chini ya mwarobaini, au kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga. Ukizunguka mjini kutafuta duka lao, utachoka. Fuata kitu wanachokitumia.

Kwa kioo, fuata chupa. Dodoma ni nchi ya zabibu, tunavuna mara mbili kwa mwaka, na viwanda vya mvinyo viko kwetu, Makutupora na Hombolo. Chupa tupu zinarundikana kwenye baa, hoteli na nyumba za wageni kama yangu. Kijana anayepita na mkokoteni kununua chupa zangu ndiye aliyenipa ufunguo. Nilimuuliza: "Mwanangu, kuna mtu anayezitaka nzima, zisizo na ufa, akalipa zaidi?" Akacheka, akasema yupo mmoja, anachagua kama anayechagua embe. Siku iyo hiyo alinipeleka Chang'ombe, kwa huyu fundi wangu.

Njia nyingine ni kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu. Kila dirisha linaacha vipande vya kioo visivyo na kazi, na kwenye mji unaojengwa kama huu vipande ni vingi. Uliza nani huja kuvichukua. Mimi niliuliza, nikampata dada anayepanga vipande vya kioo cha rangi kwenye fremu za vioo vya kujitazamia. Anaishi mitaa miwili tu kutoka kwangu, na nilikuwa nimempita kwa miaka.

Vyungu, vikapu na vibuyu nenda mnadani. Mnada wa Msalato Jumamosi watu wanaujua kwa nyama choma, lakini fika asubuhi, kabla moshi haujatanda, uzunguke pembeni ambako bidhaa zimepangwa chini kwenye maturubai. Anayeuza chungu kimoja au viwili mara nyingi ndiye mwenyewe aliyekifinyanga, au ni binti yake. Mwanzoni mwa Agosti kuna maonesho ya Nanenane pale Nzuguni. Pita kwenye mabanda ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, na ya halmashauri, kwa sababu huko vikundi kutoka wilayani husimama wenyewe mbele ya kazi zao, na siku za mwanzo wana nafasi ya kuongea.

Ukipenda ala za muziki, fika Chamwino. Huko kuna kituo cha sanaa, na muziki wa Kigogo hupigwa na wenyewe. Zeze na ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, ambazo mwanamuziki wa Kigogo marehemu Hukwe Zawose alizifikisha kwenye majukwaa ya Ulaya, huanzia kwenye mikono ya mtu anayejua kuchonga mti na kuchagua kibuyu kinachotoa sauti.

Kutunga si kutengeneza

Hapa naomba usome polepole, maana watu wengi huchanganya. Mtu anayetunga shanga hakutengeneza shanga. Punje ndogo za kioo unazoziona kwenye mikufu na mikanda karibu zote hutoka viwandani nje ya nchi, na wala si jambo jipya. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na watemi waliitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa vitambaa, waya na shanga. Shanga nyingi za wakati huo zilitoka Venice. Zile nyekundu ziliitwa samesame, na wasafiri waliandika kwamba kila nchi ilikuwa na rangi yake inayoitaka. Ukileta rangi isiyopendwa, hupati chakula.

Kwa hiyo punje ni ya mgeni, lakini mpangilio, rangi zinazokaa pamoja na maana ya mkufu ni vyetu kwa muda mrefu. Mama anayetunga anastahili kulipwa kwa ufundi huo. Usimdharau eti shanga zimetoka nje, na muuzaji naye asikudanganye kwamba zimeyeyushwa Dodoma.

Kupuliza kioo ni kazi nyingine tena. Kunahitaji tanuri la joto la zaidi ya nyuzi 1,000, kisha chombo kipoe polepole kwa saa nyingi, la sivyo mkazo hubaki ndani yake na kinaweza kupasuka chenyewe kabatini. Kazi ya namna hiyo nimeiona Arusha, kwenye karakana iitwayo Shanga, ambako mafundi, wengi wao watu wenye ulemavu, hupuliza kioo kilichoyeyushwa kutoka chupa zilizotumika. Glasi iliyopulizwa huwa na viputo vidogo ndani, na chini utakuta kovu pale ilipotenganishwa na fimbo ya fundi.

Fundi wangu wa Chang'ombe hapulizi. Anakata. Anachora mstari kuzunguka chupa kwa kisu cha kukatia kioo, anaimwagia maji ya moto na ya baridi kwa zamu mpaka itengane, kisha anasugua ukingo kwa msasa na maji. Kwa hiyo ukiona mstari wa kiwandani ubavuni mwa taa yake, hujadanganywa, kwa sababu chupa ni ya kiwanda. Kagua ukingo. Pitisha kidole taratibu, halafu uinyanyue kwenye mwanga utafute nyufa nyembamba kama unywele. Ukiuona ufa hata mmoja, mrudishie kwa upole.

Na glasi ya chupa iliyokatwa ni ya maji, juisi na mvinyo. Chai ya moto usimimine. Upande wa ndani hutanuka kabla ya wa nje, na kioo hakisubiri. Fundi mwaminifu atakuambia hivyo kabla hujauliza. Wangu aliniambia, ndipo nikamwamini.

Chungu unakigonga kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti butu.

Bei

Siku ya kwanza nilimwomba fundi wangu wa Chang'ombe apunguze. Taa aliitaja 35,000, mimi nikasema 20,000, kama vile niko sokoni kwenye nyanya. Hakubishana. Alinyamaza, akavuta ndoo, akanionyesha vipande. Asubuhi hiyo alikuwa amekata chupa kumi, na tatu zilitengana vibaya. Akanihesabia waya, soketi, swichi, plagi na msasa: 14,000. Kusugua ukingo mmoja ni zaidi ya saa nzima akiwa amechuchumaa. Niliona aibu, nikalipa 35,000, na tangu hapo sijawahi kumwambia apunguze.

Sisemi usiulize kitu. Uliza: "Nikichukua sita utanifanyia bei gani?" Hapo yeye mwenyewe anajua atakachookoa kwa kununua waya wa pamoja. Ila usimwambie "nipe bure nitakutangaza." Mwenye nyumba wake hapokei matangazo.

Ukiagiza, toa kianzio, nusu ikiwezekana, maana fundi hana akiba ya kununulia vifaa vya oda yako. Ukituma kwa simu, tuma na ya kutolea. Ni pesa ndogo kwako, lakini usipoiweka inakatwa kwenye jasho lake. Andikeni kwenye karatasi idadi, ukubwa, rangi na siku ya kuchukua, kila mtu abaki na nakala. Mimi na fundi wangu tuliwahi kutoelewana kuhusu urefu wa taa, na karatasi ndiyo iliyotupatanisha.

Msimu

Ukiagiza vyungu Januari, usimlaumu mfinyanzi. Mvua zetu huanza kama Desemba na kukata karibu na Aprili, na hicho ndicho kipindi cha mtama na uwele. Wanawake wengi wanaofinyanga na kusuka wako shambani, na hata angekuwa nyumbani, chungu hakikauki vizuri wala hakichomeki uani kwenye unyevu. Agiza kuanzia Mei. Oda kubwa ipeleke Juni au Julai.

Ukifika kwake

Salimia vizuri. Vijijini kwa Wagogo ukisema "Mbukwenyi" nyuso zinafunguka, na kwa mkubwa kwako shikamoo haikosei popote. Kaa kwenye kigoda ulichopewa. Uliza habari za mvua na za watoto, kisha ndiyo uulize kazi. Simu ibaki mfukoni mpaka uombe ruhusa ya kupiga picha, na ukiiweka picha kwenye status, andika jina analotaka litumike.

Jambo moja linalonikera sana ni watu wanaopiga picha kazi ya mtu na kuipeleka kwa fundi mwingine wakisema "nitengenezee kama hii kwa nusu bei." Ubunifu ni mali. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inatambua pia kazi za sanaa za mikono, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ipo kwa ajili hiyo. Mwambie fundi wako kuhusu COSOTA, wengi hawana habari.

Msaada mwingine si wa kununua. Mimi humpelekea fundi wangu chupa nilizoloweka usiku kucha zikatoka lebo. Nilimnunulia miwani ya kazi na barakoa, kwa sababu vumbi la kioo likiingia kifuani linadhuru, na kusugua kukavu ndiko kubaya zaidi. Yule dada wa fremu nilimwongoza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, lakini wanawake na vijana lazima muwe kikundi kilichosajiliwa. Sasa wako watano, na fomu zao nimezipitia mwenyewe jioni mbili mezani kwangu.

Ukiwa na safari, usiishie Dodoma. Singida wanasuka vikapu vya rangi vinavyodumu miaka. Iringa, kama kilomita 260 kwa njia ya Mtera, kuna vikapu vya milulu na kuna Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003, ambako watu wenye ulemavu ndio mafundi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mimi huenda sokoni na kikapu, na ninacho kimoja cha tangu wakati huo. Kioo ukikisafirisha kwa basi, funga kila kimoja kwa gazeti, jaza nyasi kavu kati yake, andika KIOO pande zote za boksi, na mkabidhi kondakta mkononi pale stendi ya Nanenane. Usiache kwenye rundo.

Na urudi. Oda ya kwanza humpa fundi furaha, ya pili ndiyo inayomfanya anunue msasa wa mwezi mzima. Mimi vyumba ni sita na taa ninazo nne. Nyuma ya jiko nimeweka chupa ishirini na tatu, zimeoshwa na kukauka, na Jumamosi nampelekea pamoja na kianzio cha taa mbili zilizobaki. Safari hii anataka kujaribu chupa za kahawia, nami nimemwambia ajaribu, hata zikivunjika mbili tatu gharama ni yangu.